Kusoma Kilichoandikwa: Mazoezi ya Ufahamu na Kupima Hoja kwa Watahiniwa wa Udaktari

Nchini Tanzania, kijana anayetaka kusomea udaktari huulizwa kwanza matokeo yake ya kidato cha sita katika Fizikia, Kemia na Biolojia. Zipo nchi nyingine ambako alama za masomo hazitoshi. Huko mwombaji hukaa pia mbele ya kompyuta na kufanya mtihani ulio sawa kwa waombaji wote, na sehemu mojawapo ya mtihani huo haihitaji maarifa yoyote ya sayansi. Mtahiniwa hupewa vifungu vya habari kuhusu historia, sanaa, sheria au maisha ya jamii, kisha huulizwa jambo lile lile kwa sura mbalimbali: je, kifungu kinasema hivyo, au msomaji ndiye anayedhani kinasema?

Makala haya yanaeleza sehemu hiyo inapima nini, kwa nini wanafunzi hodari hukosa maswali yanayoonekana mepesi, na namna ya kujizoeza. Yanawahusu kwanza vijana wa familia za Waswahili walioko Uingereza, Marekani na kwingineko, pamoja na wahudumu wa afya wanaokusudia kusomea udaktari huko. Yanamhusu pia muuguzi, mfamasia na mgonjwa ambaye hatafanya mtihani huo kamwe, kwa kuwa kosa linalompotezea mtahiniwa alama moja ndilo hilo hilo linaloweza kumpa mgonjwa dawa isiyomfaa.

Mitihani yenyewe

Mtihani wa kwanza unajulikana kwa kifupi kama UCAT. Hutumiwa na vyuo vikuu vingi vinavyofundisha udaktari na udaktari wa meno nchini Uingereza, na pia na vyuo vya Australia na New Zealand. Ulianza mwaka 2006 kwa jina la UKCAT, ukabadilishwa jina mwaka 2019. Sehemu yake ya kupima hoja zilizoandikwa ina vifungu 11, kila kimoja kikiwa na maswali manne, yaani maswali 44 kwa jumla. Katika muundo ulioanza kutumika mwaka 2025, mtahiniwa hupewa dakika 22 kuyajibu yote. Alama za sehemu hiyo huanzia 300 hadi 900.

Mtihani wa pili ni MCAT, unaotumiwa na vyuo vya udaktari vya Marekani na vingi vya Kanada. Katika muundo wake ulioanza mwaka 2015, sehemu ya uchambuzi wa maandishi ina vifungu tisa na maswali 53, na muda wake ni dakika 90. Kila kifungu huwa na maneno 500 hadi 600 hivi. Takriban nusu ya maswali hutokana na vifungu vya falsafa, fasihi, dini na sanaa. Nusu nyingine hutokana na vifungu vya sayansi za jamii kama vile uchumi, siasa na historia. Alama huanzia 118 hadi 132.

Hesabu ndogo huonyesha tofauti kubwa kati ya mitihani hiyo. Katika UCAT, kila kifungu pamoja na maswali yake manne hupata dakika mbili, yaani nusu dakika kwa swali, na ndani ya nusu dakika hiyo umo muda wa kusoma. Katika MCAT, kila kifungu hupata dakika kumi. Kwa hiyo mtahiniwa wa UCAT hulazimika kusoma swali, kulisaka neno lake kuu ndani ya kifungu, kisha kusoma kwa makini sentensi iliyo na neno hilo pamoja na zile zinazolizunguka. Mtahiniwa wa MCAT husoma kifungu chote, akifuatilia hoja ya mwandishi tangu inapoanza hadi inapofikia tamati. Anayejiandaa kwa mtihani mmoja kwa vitabu vya mazoezi vya mwingine huzoea mwendo usiomfaa.

Kinachopimwa

Kila aliyepita shule ya Kiswahili anakumbuka somo la ufahamu: kifungu cha habari, maswali chini yake, na amri ya kujibu kwa maneno yako mwenyewe. Mtihani wa kujiunga na udaktari ni jamaa wa somo hilo, lakini ni jamaa mkali. Hauulizi tu kile kinachosemwa. Huuliza pia ni kwa kiasi gani kinasemwa, na nani anayekisema, na kama jambo fulani linafuata kwa lazima kutokana na lililotangulia.

Katika UCAT, baadhi ya maswali huja kwa namna ya kauli. Mtahiniwa husoma kauli hiyo na kuchagua jibu moja kati ya matatu: Kweli, Si Kweli, au Haiwezi Kujulikana. Jibu la tatu ndilo linalowatesa wengi. Mwanafunzi aliyezoea kusifiwa kwa kujua majibu huona aibu kuandika kwamba jambo haliwezi kujulikana. Humwonekea kama kukiri ujinga. Kumbe katika mtihani huu ni jibu kamili kama mengine mawili, na mara nyingi ndilo linalohitaji akili tulivu zaidi.

Mfano mmoja

Kifungu kifuatacho kimetungwa kwa ajili ya makala haya, kikiwa kifupi kuliko vile vya mtihani.

*Mwaka 1872 kimbunga kikubwa kilikipiga kisiwa cha Unguja na kuangusha sehemu kubwa ya mikarafuu iliyopandwa huko. Miti michache ilisalimika. Kisiwa cha Pemba kiliathirika kwa kiasi kidogo. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa tangu kupandwa hadi kuanza kutoa mavuno, kwa hiyo wenye mashamba wa Unguja waliopanda upya walilazimika kusubiri. Katika kipindi hicho, wenye mashamba wa Pemba waliendelea kuchuma na kuuza karafuu.*

Sasa zipimwe kauli nne.

Kauli ya kwanza: *Mikarafuu iliyopandwa Unguja mara tu baada ya kimbunga haikutoa mavuno katika mwaka wake wa kwanza.* Jibu ni Kweli. Kifungu hakikuyatumia maneno hayo, lakini kimesema mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa mavuno, na kauli hii inafuata kwa lazima.

Kauli ya pili: *Kimbunga kiliangusha mikarafuu yote ya Unguja.* Jibu ni Si Kweli. Kifungu kimesema miti michache ilisalimika, na neno "yote" linapingana na hilo.

Kauli ya tatu: *Bei ya karafuu ilipanda baada ya kimbunga.* Mtu mwenye akili ya biashara atajibu haraka kuwa ni kweli, kwani bidhaa ikiadimika bei hupanda. Lakini kifungu hakikutaja bei popote. Jibu ni Haiwezi Kujulikana.

Kauli ya nne: *Leo Pemba huzalisha karafuu nyingi kuliko Unguja.* Hapa mtahiniwa aliyezaliwa Wete au Chake Chake ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko mtu asiyewahi kuiona karafuu ikianikwa. Anajua kwamba ni kweli, mwenzake hajui. Hata hivyo kifungu kinazungumzia miaka iliyofuata kimbunga cha 1872, wala hakisemi lolote kuhusu leo. Jibu ni Haiwezi Kujulikana, na aliyejua zaidi ndiye aliyekosa.

Katika kauli hiyo ya nne ndimo lilimo fundisho kuu la sehemu hii ya mtihani. Elimu ya mtu ni mali yake, lakini yapo mahali ambapo anatakiwa kuiweka kando kwa dakika chache na kuuliza: karatasi iliyo mbele yangu imesema nini hasa?

Mitego inayojirudia

Mtego wa kwanza ni huo wa kuleta maarifa kutoka nje ya kifungu.

Wa pili ni maneno ya kiasi na ya uwezekano. "Baadhi", "wengi", "aghalabu", "huenda", "lazima", "pekee" na "kamwe" ni maneno mafupi yanayobeba uzito wa sentensi nzima. Kifungu kikisema kwamba wavuvi wengi wa kijiji fulani hutumia nyavu, kauli isemayo kuwa wavuvi wa kijiji hicho hutumia nyavu pekee haijathibitishwa. Kati ya "wengi" na "wote" kuna watu, na kati ya "huenda" na "lazima" kuna shaka.

Wa tatu ni kugeuza kufuatana kuwa kusababisha. Kifungu kinaweza kueleza kwamba reli ilijengwa, kisha mji ukakua. Hakijasema kwamba mji ulikua kwa sababu ya reli, mpaka kitakaposema hivyo.

Wa nne ni kuchanganya sauti. Mwandishi anaweza kueleza maoni ya wapinzani wake kwa aya nzima kabla ya kuyapinga. Msomaji mwenye haraka hudhani maoni hayo ni ya mwandishi. Katika vifungu virefu vya MCAT, mtego huu ni wa kawaida sana. Dawa yake ni kuangalia maneno ya mgeuko kama "hata hivyo", "kwa upande mwingine" na "licha ya hayo", kwani ndipo sauti inapobadilika.

Wa tano ni ukanushi ndani ya swali lenyewe. Swali linalouliza ni lipi *lisilotajwa*, au ni kauli zipi zinazokubalika *isipokuwa* moja, humfanya mtahiniwa aliyechoka achague kauli ya kwanza anayoiona ni sahihi na kusonga mbele.

Namna ya kujizoeza

Wengi huanza na saa mkononi, na hapo ndipo wanapokosea. Anayekimbia kabla ya kujua njia hupotea upesi zaidi. Mazoezi mazuri huenda kwa hatua.

Hatua ya kwanza haina saa. Mtahiniwa ajibu vifungu vichache kwa utulivu, na kwa kila jibu aoneshe kwa kidole sentensi inayolithibitisha. Akishindwa kuipata, basi jibu lake limetoka kichwani mwake. Kwa jibu la Haiwezi Kujulikana, aseme kwa sauti ni taarifa gani ingehitajika ili jambo lijulikane. Akiweza kuitaja, ameelewa.

Hatua ya pili ni daftari la makosa. Kila swali lililokosewa liandikwe pamoja na sababu: nilileta maarifa ya nje; nililiruka neno "baadhi"; sikuona ukanushi; sikumaliza kusoma. Baada ya wiki mbili au tatu, daftari litaonyesha kwamba makosa mengi yanatoka katika ukoo mmoja au miwili. Kulijua hilo kunafaa kuliko kujibu mamia ya maswali mapya kwa kosa lile lile.

Hatua ya tatu ndiyo ya saa. Mtahiniwa wa UCAT aanze na kifungu kimoja kwa dakika tatu, apunguze hadi dakika mbili, kisha aunganishe vifungu vitatu, vitano, na hatimaye vyote 11. Ajifunze pia kuacha. Swali linalokataa kufunguka lichaguliwe jibu la kukisia, liwekwe alama, na safari iendelee. Katika mitihani yote miwili, jibu lisilo sahihi halipunguzi alama. Kwa hiyo kuacha swali tupu ni hasara isiyo na sababu.

Hatua ya nne hufanyika nje ya vitabu vya mazoezi. Ni kusoma maandishi ya hoja kila siku: tahariri za magazeti, insha za historia, hukumu za mahakama zilizochapishwa. Baada ya kila aya, msomaji aifupishe kwa sentensi moja, na mwishoni aseme mwandishi anataka kumshawishi nini na kwa ushahidi upi. Zoezi hili lina faida hata likifanywa kwa Kiswahili, kwa kuwa mazoea ya kumdai mwandishi ushahidi hayategemei lugha. Lakini mtihani huja kwa Kiingereza, na kasi ya kusoma hujengwa katika lugha ya mtihani. Hivyo sehemu kubwa ya usomaji huo iwe kwa lugha hiyo.

Kuhusu gharama, waandaaji wa UCAT hutoa majaribio rasmi bila malipo katika tovuti yao, na waandaaji wa MCAT hutoa baadhi ya mazoezi bure na mengine kwa malipo. Familia haina sababu ya kukopa fedha za kozi kabla mtahiniwa hajayamaliza hayo ya bure na kuona anakwama wapi. Mwenye disleksia au ulemavu mwingine unaoathiri kusoma anaweza kuomba muda wa ziada. Maombi hayo huhitaji uthibitisho wa kitaalamu, na yafanywe mapema.

Lugha nayo ina mitego yake

Msomaji wa Kiswahili ana jambo moja la kuangalia. Sentensi "wagonjwa wote hawakupona" humfikia msikilizaji mmoja kwa maana ya kwamba hakuna aliyepona, na mwingine kwa maana ya kwamba wapo ambao hawakupona. Anayekusudia maana ya pili angesema "si wagonjwa wote waliopona", na utata ungeondoka. Mtahiniwa anayesoma Kiingereza huku akitafsiri kimoyomoyo anaweza kuubeba utata huo hadi kwenye swali ambalo halikuwa nao. Ni vizuri basi ajizoeze kukisoma kifungu katika lugha yake chenyewe, na pale penye neno la kiasi na ukanushi pamoja, asimame na ahesabu: wangapi wamo, wangapi wako nje?

Kutoka chumba cha mtihani hadi wodini

Mtu anaweza kuuliza kifungu kuhusu karafuu kinamhusu nini daktari. Jibu limo katika kazi za kila siku za kituo cha afya.

Mgonjwa amehamishwa kutoka zahanati hadi hospitali ya wilaya akiwa na barua ya rufaa. Mahali pa kuandika mzio wa dawa pako tupu. Muuguzi aliyechoka husoma nafasi hiyo tupu kama "hana mzio". Lakini karatasi haijasema hivyo. Haijasema lolote. Kauli "mgonjwa huyu hana mzio wa penisilini" ikipimwa kwa barua hiyo, jibu ni Haiwezi Kujulikana, na wodini jibu hilo lina tafsiri moja tu: ulizwe mgonjwa, waulizwe ndugu zake, ipigwe simu zahanati, kabla ya sindano kuvutwa.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa mwenye homa ambaye kipimo chake cha haraka hakikuonyesha malaria. Matokeo hayo hayajasema homa inatokana na nini. Anayeandika "maambukizi ya kawaida" kwa sababu tu malaria haikuonekana ameongeza neno ambalo kipimo hakikulitoa.

Mgonjwa naye ana vifungu vyake vya kusoma. Dozi ya dawa mseto ya malaria iitwayo ALu hugawanywa mara sita kwa siku tatu, na maelekezo husema dozi ya pili inywewe saa 8 baada ya ile ya kwanza. Mwenye kusoma kwa kurukaruka huliona "saa 8" na kunywa dawa saa nane mchana. Aliyeanza saa mbili asubuhi alipaswa kunywa saa kumi jioni. Neno lililopotea ni "baada ya", na mtoa dawa aliyeandika muda halisi kwenye bahasha, "saa kumi jioni", amemwokoa mgonjwa na mtego huo.

Hata fomu ya ridhaa kabla ya upasuaji ni kifungu cha ufahamu. Ikiandikwa "huenda ukahitaji kuongezewa damu", haijasema kwamba damu itaongezwa, wala haijasema kwamba haitaongezwa. Mgonjwa ana haki ya kuuliza: huenda, kwa sababu gani, na uamuzi huo atautoa nani? Anayeuliza hivyo asionekane msumbufu, kwa kuwa ameisoma fomu kama inavyotakiwa kusomwa.

Hitimisho

Mazoezi ya ufahamu na kupima hoja hayamfanyi mtu kuwa daktari, na alama ya juu katika sehemu hiyo haijathibitisha kwamba mwenye nayo ana huruma au mikono mizuri. Inachoweza kuonyesha ni kwamba mtu huyu, akipewa maandishi na muda mfupi, anaweza kutenganisha kilichoandikwa na anachokidhani. Mtahiniwa aliyelijenga zoea hilo kwa daftari la makosa na kidole juu ya sentensi atalihitaji tena miaka mingi baadaye, usiku wa zamu, mbele ya faili lenye nafasi tupu. Na siku hiyo hapatakuwa na majibu matatu ya kuchagua kwenye kioo cha kompyuta. Patakuwa na mgonjwa anayeweza kuulizwa.